Msimu wa Marejeo: Wapiga Mbizi wa Kalymnos

Wasafiri wa zama zetu wamezoea kuugawa mwaka wa visiwa vya Ugiriki mafungu mawili, la kwanza likiwa ni la jua na wageni, na la pili likiwa ni lile lianzalo mwishoni mwa Oktoba, mahoteli yanapofunga madirisha yao, vyombo vya abiria vinapopungua, na viti vya pwani vinapopangwa kimoja juu ya kingine na kufunikwa maturubali hata mwaka mpya. Na fungu hili la pili wao huliita msimu uliokufa. Katika kisiwa cha Kalymnos hesabu hiyo, ukiipima kwa taarikhi ya wenyeji wenyewe, imepinduka juu chini. Kwa vizazi vingi kiangazi ndicho kilichokuwa kifu, kwa kuwa kisiwani hawakusalia ila wanawake, wazee, mapadri na watoto. Na vuli ndiyo iliyokuwa uhai, maana ndipo wanaume waliporudi kutoka baharini, wale waliojaaliwa kurudi.

Nasema vuli, na neno hili silitumii kwa kukosa jingine. Miezi ile ile ambayo mwambao wetu wa Afrika ya Mashariki hupata mvua zake za vuli, ndiyo miezi ambayo visiwa vile navyo hupata mvua ya kwanza baada ya ukame wa miezi mitano au zaidi, na pepo kali za kaskazi ambazo Wagiriki huziita meltemi, zitawalazo Julai na Agosti, huwa zimekwisha kutulia.

Avukaye kutoka kisiwa cha Kos, kwa chombo kidogo kitokacho bandari ya Mastichari, huiona Kalymnos tangu mbali kama jabali moja kubwa la kijivu lililotupwa majini. Na hata akikaribia, jabali hilo halibadiliki kuwa shamba. Mji wa Pothia umejipanga kwa kuizunguka bandari kama watu waliokaa barazani, nyumba zake zikipanda mlimani safu juu ya safu, nyingi zimepakwa rangi nyeupe na ya buluu. Na juu ya kilima chaonekana nyumba ya watawa ya Mtakatifu Savvas. Mnamo Novemba gati huwa na nafasi tele, na wazee hukaa katika mikahawa wakinywa kahawa nzito isiyochujwa, katika kikombe kidogo wakiitacho flitzani, neno walilolipata kwa Waturuki, nao Waturuki wakalipata kwa Waarabu, na ambalo sisi tunalo katika finjani yetu. Kwa hiyo mtu wa Mombasa au wa Unguja akikaa pale hatajiona mgeni kamili, ijapokuwa lugha hataisikia.

Ni haki kusema pia kwamba utulivu huu si wa kisiwa kizima tena. Tangu mwaka 1996, Mtaliani mmoja mpandaji wa majabali, Andrea Di Bari, alipotambua kuwa magenge yaliyo juu ya kijiji cha Masouri ni hazina kwa watu wa fani yake, Oktoba imekuwa miadi ya wapandaji kutoka pande zote za dunia, kwa kuwa wao hulikimbia jua kali na kuitafuta hewa ya baridi. Lakini wao nao, mvua zinapozidi na mawe yakawa ya utelezi, hufunga kamba zao wakaondoka, na hapo ndipo kisiwa hubaki na wenyewe.

Jabali lile ndilo lililoamua mambo yote. Kalymnos ina bonde moja la maana la kilimo, Vathy, ambako maji yapo na michungwa midogo ya chenza husitawi, na matunda yake hupata rangi wakati huo huo wa kuingia baridi. Mahali pengine pana mbuzi, nyuki na zaatari, ambazo hutoa asali yenye sifa lakini hazilishi maelfu ya watu. Mahali ambapo ardhi imewanyima watu chakula, watu huitazama bahari. Na bahari ile, zaidi ya samaki, iliwapa kitu ambacho mtu hakidhanii kuwa ni mali akikiona mara ya kwanza, nacho ni sifongo.

Sifongo, ambayo wengine kwetu siku hizi huiita sponji, si mmea kama dodoki, ingawa kazi zao bafuni ni moja. Ni mnyama wa baharini asiye na macho wala moyo, aliyeshikamana na mwamba, ambaye huyanywa maji kwa vitundu vyake elfu na kuyatoa tena baada ya kuchuja riziki yake. Na kile tukinunuacho sokoni ni kiunzi chake tu, baada ya mwili kuoza na kuoshwa. Akitolewa chini huwa mweusi, ana ngozi, na ndani yake hutoka ute mweupe ambao wazamiaji huuita maziwa. Hukanyagwa kwa miguu sitahani, hufunikwa magunia yaliyoloweshwa, hupigwa, husukwa kambani na kuoshwa baharini mara nyingi, na uvundo wa kazi hiyo, kwa masimulizi ya waliopanda vyombo vile, haukumtoka mtu nguoni msimu mzima. Jina lenyewe ni la kale na lina nasaba pana: Wayunani walisema spongos, Waarabu husema isfanji, nasi twasema sifongo. Katika utenzi wa Homer meza za karamu husafishwa kwa sifongo. Aristotle aliandika juu ya aina zake. Na katika Injili sifongo iliyochovywa sikini ndiyo iliyoinuliwa kwa mwanzi hata kinywani mwa Yesu msalabani. Biashara yenye umri wa namna hii haikuanzishwa na Kalymnos peke yake. Symi, Halki na visiwa vingine jirani vilishiriki, na kwa muda mrefu Symi ndiyo iliyokuwa mbele kwa utajiri. Lakini Kalymnos ndiyo iliyoishikilia kazi hii kwa muda mrefu kupita wote, na ndiyo iliyoilipia kwa thamani kubwa.

Namna ya kale ya kuzama ilikuwa nyepesi kuelezwa na ngumu kufanywa. Nahodha aliitafuta sifongo kwa kutazama kupitia chombo cha bati chenye kioo chini, kilichovunja mng'aro wa maji. Kisha mzamiaji, uchi, alikumbatia jiwe bapa la marumaru au la mwamba mgumu, lenye uzito wa ratili 30 hivi, lililochongwa kwa ustadi na kufungwa kamba iliyoshikwa na mwenzake chomboni, akavuta pumzi, akajitupa. Jiwe hilo, ambalo huitwa skandalopetra, lilimshusha kwa kasi, naye aliliongoza kwa mikono kama rubani aongozavyo usukani; akifika chini alikata sifongo alizoweza, akazitia katika wavu, akaivuta kamba, na mwenzake akampandisha kwa nguvu zake zote. Mambo yote haya yalikwisha katika dakika mbili au tatu. Hata zilipokuja mashine, ustadi huu haukupotea mara moja: mwaka 1913 manowari ya Kitaliani Regina Margherita ilipopoteza nanga yake karibu na kisiwa cha Karpathos, mtu aliyeitafuta na kuifunga kamba, katika kina kipitacho mita 70, alikuwa Stathis Hatzis wa Symi, aliyeshuka na jiwe lake na pumzi yake tu.

Asomaye habari hizi mwenye asili ya mwambao wetu hawezi kuacha kuikumbuka Ghuba ya Uajemi, ambako wazamiaji wa lulu nao walishuka kwa jiwe na kamba na mwenzao wa kuwavuta, wakiwa chini ya mtu aliyeitwa kwa jina tunalomwitia sisi mkuu wa chombo, nahodha. Na miongoni mwa wazamiaji wale wa karne ya 19 walikuwamo Waafrika wengi, baadhi yao wakiwa wamechukuliwa utumwani kutoka pwani zetu. Huko nako msimu mkubwa ulianza kiangazi ukakoma Septemba, kwa safari ya kurudi iitwayo kuffali, na wanawake wakasimama pwani kuvitazama vyombo. Na huko nako, kama Kalymnos, mtu alizamia deni kabla hajazamia maji. Sioni kama mambo haya mawili yalifunzana. Naona tu kwamba bahari, mtaji na uhitaji vikikutana, hutunga sheria zinazofanana.

Katika miaka ya 1860 likaja vazi la mpira lenye kofia ya shaba, kazi ya Augustus Siebe, fundi mwenye asili ya Kijerumani aliyefanya shughuli zake London, ambalo lilipelekewa hewa kwa pampu na mpira mrefu kutoka chomboni. Wagiriki waliliita skafandro, na kwa desturi waliita tu mashine. Wazamiaji, ambao baba zao walishuka uchi, waliliogopa. Na husimuliwa katika Symi kwamba mtu mmoja, Fotis Mastoridis, alipolileta mnamo 1863, mkewe Evgenia, naye ni mja mzito, alivikwa vazi hilo akashushwa bandarini mbele ya watu wote, akapanda salama, ili wanaume waone aibu kuogopa jambo ambalo mwanamke mwenye mimba amelifanya. Mradi hofu ilivunjika. Mtu ambaye alikuwa na dakika mbili chini ya maji sasa alikuwa na saa nzima, akatembea juu ya sakafu ya bahari kama atembeaye shambani kwake, akikata sifongo kwa utulivu katika kina cha pima 20, 30, na hata 40.

Na nje ya kisiwa dunia ilikuwa inazihitaji. Viwanda, hospitali, mabafu ya matajiri wa Ulaya, watengenezaji wa ngozi na wa vyungu, wasafishaji wa farasi na wa mizinga, wote walitaka sifongo. Na wafanyabiashara wa Kalymnos wakafungua maghala katika miji mikuu, kama Nikolaos Vouvalis, ambaye tijara yake ilikuwa London na ambaye nyumba yake huko Pothia sasa ni makumbusho, na mgeni wa vuli anaweza kuzunguka ndani yake kwa wasaa asioupata mwezi wa Agosti. Makanisa yalipambwa, maskuli yakajengwa, maji na dawa vikapatikana. Nimesoma maelezo ya watu wanaousifu ustawi huo bila ya kugusa chanzo chake, na sikubaliani nao, maana kila jiwe la nyumba zile lina mtu chini yake.

Kwani vazi lilikuwa na siri ambayo kisiwani hakuna aliyeijua lilipoletwa. Mtu avutaye hewa iliyoshindiliwa katika kina kikubwa, sehemu ya hewa hiyo iitwayo naitrojeni huyeyukia katika damu na nyama zake. Akipanda polepole hutoka kidogo kidogo bila ya madhara, lakini akipanda kwa haraka hutoka kwa ghafula kama povu litokavyo katika chupa iliyofunguliwa, na mapovu hayo huziba mishipa na kuuharibu uti wa mgongo. Mzamiaji alipanda mwenye afya, akavuliwa kofia, pengine akawasha sigara. Baada ya muda mfupi akashikwa na maumivu ya viungo, miguu ikafa, na wengine roho zikatoka pale pale sitahani. Watu walisema amepigwa na mashine. Dawa waliyoijua ilikuwa kumfukia mgonjwa katika mchanga wa moto hata shingoni, wakangoja. Waliofariki walizikwa katika pwani za Afrika ya Kaskazini, mbali na kengele za kwao.

Hapa lazima nitulie kidogo, kwa sababu wako wasemao kwamba yote haya ni ujinga wa zamani ambao elimu iliuondoa. Elimu ilikuja mapema. Mfaransa Paul Bert alichapisha mwaka 1878 kitabu chake kikubwa juu ya mkazo wa hewa, akabainisha kuwa naitrojeni ndiyo mkosaji na kwamba dawa ni kupanda taratibu. Na mwaka 1908 J. S. Haldane wa Uingereza akatoa majedwali yaonyeshayo mzamiaji asimame wapi na kwa muda gani wakati wa kupanda. Dola ya Uthmaniya, iliyovitawala visiwa vile, nayo ilijaribu katika karne ya 19 kuipiga mashine marufuku, na marufuku hayakudumu. Pamoja na hayo wanaume waliendelea kufa na kupooza kwa miongo mingi ya karne ya 20. Sababu haikuwa ujinga bali hesabu.

Hesabu yenyewe ilianza kabla ya Pasaka. Nahodha alikopa kwa mfanyabiashara ili atengeneze vyombo, anunue chakula cha miezi sita na kuwalipa wazamiaji salafu, ambayo wao waliiita platika. Mzamiaji alipokea fedha hizo zote mkononi kabla ya kuiona bahari, akalipa deni la mwaka uliopita, akamwachia mkewe matumizi, na kilichobaki, kama kilibaki, akakitumia kwa karamu na ngoma, asijali kesho. Na watu wa nje waliowaona wakimwaga fedha walidhani ni ufujaji, ilhali mtu asiyejua kama atarudi na miguu yake ana haki ya kuipima fedha kwa mizani tofauti na yetu. Usiku wa mwisho wa karamu waliuita usingizi wa mapenzi. Baada ya hapo padri alivibariki vyombo, vikatweka matanga kwenda Tunisia, Benghazi, Derna au pwani za Misri, na mzamiaji akawa na deni ambalo lazima alilipe kwa sifongo. Kupanda taratibu ni kupoteza muda. Muda uliopotea ni sifongo chache. Sifongo chache ni deni la mwaka mwingine. Nahodha aliyewangoja watu wake wapande kwa majedwali ya Haldane alirudi na mzigo mdogo kuliko jirani yake, na mfanyabiashara hakumkopesha tena.

Basi ndivyo vuli ilivyokuwa siku ya hesabu kwa maana zote mbili. Kiangazi kizima kisiwa kiliishi katika ghaibu, maana habari kutoka Libya zilikuwa haba na za kuchelewa. Mwanamke alilima, akachunga, akalea, akaamua mambo yote ya nyumba, bila ya kujua kama yeye ni mke au mjane. Vyombo vilipoonekana mnamo Oktoba, watu waliteremka gatini, na kabla ya mizigo kuhesabiwa walihesabiwa watu: nani amesimama, nani ameegemea, nani hayumo. Siku moja hiyo hiyo ilikuwa arusi katika nyumba moja na matanga katika nyumba ya pili. Wiki zilizofuata sifongo zilipimwa na kukatwa kwa mikasi, madeni yakafungwa au yakasogezwa mbele, posa zikapelekwa, watoto wakabatizwa, na mnamo 6 Desemba ikaadhimishwa sikukuu ya Mtakatifu Nikola, msimamizi wa mabaharia, ambaye kanisa lake liko pale pale karibu na maji. Hivyo miezi ambayo matangazo ya safari huiacha wazi ndiyo iliyokuwa imejaa kuliko yote.

Vuli ya mwaka 1900 iliwapa wazamiaji hawa sifa isiyotarajiwa. Wazamiaji wa Symi, chini ya nahodha Dimitrios Kondos, walikuwa wametia nanga karibu na kisiwa kidogo cha Antikythera kwa ajili ya dhoruba. Mmoja wao, Elias Stadiatis, akashuka, akapanda ametaharuki, akisema ameona maiti za watu na farasi. Zilikuwa sanamu za shaba na marumaru, shehena ya jahazi lililozama kabla ya kuzaliwa Kristo. Novemba waliipa serikali habari huko Athens, na kazi ya kuzitoa ikaanza mara, wakati wa baridi na mawimbi, ikaendelea hata mwaka uliofuata. Humo ndimo ilimotoka ile mashine ya magurudumu ya shaba ya kuhesabia mwenendo wa mwezi na jua, ambayo wataalamu wanaichunguza hata leo. Mzamiaji mmoja alifariki katika kazi hiyo na wawili walipooza. Wanaosimama mbele ya kabati la kioo katika jumba la makumbusho la Athens wangefanya vema kuwakumbuka.

Kudhoofika kwa kazi hii hakuna mengi ya kusimulia. Wataliani waliokiteka kisiwa mwaka 1912 walikaa hadi vita vya pili vya dunia, na mwaka 1947 mkataba wa amani ukaviunga visiwa hivi na Ugiriki. Watu wengi walihamia Tarpon Springs katika Florida, ambako mashine ilianza kutumika 1905, na wengine Darwin katika Australia. Baada ya vita viwanda vikatengeneza sponji za plastiki kwa bei ya bure. Nchi za Afrika ya Kaskazini, baada ya kujipatia mamlaka yao, zikaifunga bahari yao, na sina neno la kuzilaumu. Kisha mwaka 1986 maradhi yakaingia katika sifongo za Mediterania yakaziua kwa wingi. Leo baadhi ya zile zinazouzwa madukani Pothia zimetoka bahari za mbali.

Kwetu nako, katika kijiji cha Jambiani, mashariki mwa Unguja, kwa miaka zaidi ya kumi sasa, wako wanawake waliojifunza kuogelea na kuvaa miwani ya majini ili wapande sifongo. Huzikata vipande, wakazitunga kambani katika maji ya kina kifupi, ndani ya mwamba uzuiao mawimbi, wakazisafisha na kuzingoja zikue, kisha wakazivuna na kuziuza. Sijui kama mzee wa Kalymnos angekubali kuiita kazi hiyo kwa jina la kazi yake. Lakini naamini mama yake angeikubali, kwa vile hakuna aendaye mbali na hakuna angojewaye.

Usiku wa vuli ukiingia Pothia mapema, na mvua ikipiga milango ya mikahawa, pengine kwenye arusi au sikukuu zumari na fidla hupigwa, na watu wakajipanga kuicheza ngoma waiitayo mihanikos, yaani ya mtu wa mashine. Vijana hushikana wakaenda kwa hatua moja. Kiongozi wao yuko mbele, na kwa zamu yake mguu wake huanza kutetemeka. Huushika, hujaribu kuusimamisha, huegemea bakora, goti likamkunjika, akainuka tena. Hakuna achekaye. Nyuma yake wenzake wanaendelea na hatua ile ile, na yule aliye karibu naye hamwachii mkono.